Kompyuta ya baiskeli haijui mtaa wako, ifundishe kwanza

Ndugu msomaji, ukitaka kujua jinsi sisi watu wa Eastlands tunavyoelekezana njia, simama katika kituo chochote cha matatu pale Umoja au Kayole utege sikio. Hutasikia mtu akitaja mita wala nambari ya nyumba. Utasikia hivi: "Shuka hapo stejini, ingia na njia ya wachoma mahindi, ukipita kinu cha pili cha unga kata kushoto, halafu ukifika kwenye lango jeusi muulize bawabu." Maelezo hayo humfikisha mgeni salama kwa sababu njia nzima imejaa watu wa kuulizwa. Kuuliza si ujinga.

Siku hizi kumeingia mwelekezaji wa aina nyingine. Ni kompyuta ndogo inayotoshea kiganjani, inayofungwa kwenye usukani wa baiskeli. Hupokea mawimbi ya setilaiti za GPS, ikakuonyesha mahali ulipo, mwendo wako, umbali uliobaki na mstari wa njia unayopaswa kuifuata. Ukikaribia kona, inalia. Ukiiacha njia, inalia tena. Yenyewe haina habari za mahindi wala bawabu. Inakuambia tu: mita 200, kata kushoto.

Zamani vitu hivi vilikuwa vya wanamashindano. Hata leo, katika mbio kama Migration Gravel Race zilizoanza mwaka 2021 huko Maasai Mara, waendeshaji huzitegemea kompyuta hizi kuwaonyesha njia nyikani. Lakini sasa utaziona pia kwenye baiskeli za makarani, mafundi na wanafunzi waliochoshwa na nauli zinazopanda kila mvua inyeshapo. Huenda hata wewe umeshawishika kununua moja, au mwanao amekuomba umnunulie.

Katika nyumba yangu jambo hili lilizua mjadala mrefu. Binti yetu anasoma katika chuo kimoja huko Eneo la Viwanda, nasi twakaa Umoja. Alikuwa amepata baiskeli, akataka na kompyuta ya kumwongoza. Mama yake hakutaka hata kusikia.

"Baba watoto," akaniambia, "mtoto atakitazama hicho kidude, na matatu haitamtazama yeye."

"Mama, kinalia. Si lazima nikitazame," binti akajibu.

"Kikilia, wewe utasikia nini katika kelele za Jogoo Road?"

Msomaji, hofu ya mama huyo haikuwa ya bure. Katika kila mwaka kati ya 2022 na 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa katika ajali za barabarani nchini mwetu, na kundi kubwa zaidi kati yao lilikuwa la waendao kwa miguu. Anayeendesha baiskeli hana bodi ya chuma ya kumkinga, sawa na huyo aendaye kwa miguu. Kwa hiyo, swali lililokuwa mezani kwetu halikuwa kama kompyuta inaweza kuijua njia. Swali lilikuwa: itampitisha njia ipi? Na hilo, nimekuja kuona, ndilo jambo la kwanza ambalo kila anayeanza kutumia chombo hiki anafaa kulielewa. Kifaa hufuata njia kinayopewa. Mwenye kuijua njia njema ni mwenyeji.

Kinavyofanya kazi

Kwanza tuondoe uchawi. Juu ya dunia, kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, zinazunguka setilaiti za GPS zisizopungua 24. Kila moja ina saa yenye usahihi wa ajabu, na wakati wote inatangaza mahali ilipo na saa ilivyo. Kifaa chako husikiliza tu. Hupima muda ambao tangazo limechukua kufika, na kwa kuwa mawimbi hayo husafiri kwa kasi ya mwanga, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde, hujua umbali wa kila setilaiti. Kikizisikia nne au zaidi, kinaweza kukokotoa mahali ulipo. Kwa sababu hakitumi chochote angani, hakuna malipo wala haja ya kununua data barabarani.

Mfumo huu ulijengwa na jeshi la Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo wote ukatangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Hata hivyo, hadi Mei 2000 Wamarekani waliyavuruga makusudi mawimbi ya raia, hivi kwamba kifaa kingeweza kukosea kwa mita 100 hivi. Huko nyikani mita 100 si kitu. Hapa Eastlands, mita 100 ni tofauti ya njia hii na ya tatu yake. Bila uamuzi huo wa mwaka 2000, chombo hiki kisingetufaa mitaani mwetu hata kidogo.

Leo, mahali palipo wazi, kosa huwa la mita chache tu. Lakini jihadhari unapopita kati ya majumba marefu yaliyobanana, kama ya Pipeline, Huruma au sehemu za Umoja. Huko mawimbi hugonga kuta kabla ya kukufikia, kifaa kikadhani kuwa umbali ni mrefu kuliko ulivyo. Utaona alama yako ikiruka hadi njia ya pili ilhali wewe hujatoka kwenye yako. Usiifuate. Endelea na njia yako hadi utokee peupe, nayo itatulia yenyewe.

Kabla ya kununua

Vifaa hivi viko vya aina mbili. Cha kwanza huonyesha mstari wa njia peke yake kwenye skrini tupu, bila barabara nyingine yoyote. Ni cha bei nafuu na betri yake hudumu sana. Cha pili kina ramani kamili ndani yake, nacho huweza hata kukutafutia njia mpya. Majina utakayoyasikia madukani ni kama Garmin, Wahoo na Bryton. Bei huanzia shilingi elfu kadhaa, na vile vya juu hupita shilingi 50,000. Kwa familia nyingi za mitaa yetu hizo si pesa za mchezo.

Kwa hivyo nakushauri usikimbilie dukani. Kama una simu yenye GPS, anza nayo. Programu kama OsmAnd au Organic Maps hukuruhusu kuipakua ramani ya Kenya nyumbani na kuitumia barabarani bila intaneti. Itie simu mfukoni, sauti ikiwa juu, na uone kama kuongozwa hivi kunakufaa. Ubaya wa simu ni kwamba skrini ikiwaka muda wote betri huisha upesi, jua la mchana hufanya skrini isisomeke, na simu iliyo kwenye usukani huwaita wanyakuzi. Kompyuta ya baiskeli ilitengenezwa kuepuka mengi ya hayo: husomeka juani, hustahimili mvua, na betri yake hudumu saa nyingi.

Ukiletewa kifaa na jamaa aliye ng'ambo, kuna jambo moja la kuangalia. Chetu kilitoka kwa shemeji yangu aliye Ujerumani. Tulipokiwasha hapa Umoja, kikatuonyesha mshale mweusi uliosimama katikati ya uwanja mweupe, bila barabara wala mto. Kiliuzwa kikiwa na ramani za Ulaya peke yake. GPS ilikuwa inafanya kazi sawasawa, na ilijua kabisa kwamba tuko karibu na digrii 1.28 kusini mwa ikweta na digrii 36.9 mashariki. Kilichokosekana ni picha ya kutuzunguka. Tuliipakua ramani ya Afrika kwa kutumia kompyuta ya binti yangu, kazi iliyochukua jioni nzima, na Umoja ikatokea. Uliza habari ya ramani kabla ya kulipa.

Nambari hizo za digrii nazo zina mtego wake. Nairobi iko kusini mwa ikweta, na kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Ukiingiza mahali kwa nambari ukaiacha alama hiyo, kifaa kitakutafutia njia ya kwenda kaunti ya Samburu, upande wa Maralal.

Ramani ilitoka wapi?

Ramani iliyomo katika vifaa vingi vya baiskeli imetokana na OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora na kuirekebisha. Hapo ndipo Nairobi inapoingia katika hadithi hii kwa heshima. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walizunguka mtaa wao na vifaa vya GPS mikononi, wakaandika vichochoro, visima, shule, zahanati na vyoo. Kabla ya hapo, Kibera ilikuwa karibu doa tupu kwenye ramani hizo, ingawa maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wakiishi humo. Baadaye kazi kama hiyo ikafanywa Mathare, hapa kwetu Eastlands. Mwaka 2014 nao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani, walitoa ramani ya njia zaidi ya 130 za matatu, baada ya kuzipanda wakiwa na simu zenye GPS.

Nakueleza haya ili ufahamu kwamba mstari unaouona kwenye skrini haukushuka kutoka mbinguni pamoja na mawimbi. Setilaiti hukuambia ulipo tu. Barabara, kichochoro na daraja viliwekwa na mtu aliyetembea. Pale ambapo hakuna aliyetembea, au alitembea miaka kumi iliyopita, ramani itakudanganya bila kutaka.

Kuchora njia yako

Usimwachie mwanao kidude akiambie tu "nipeleke chuo." Kaeni pamoja mbele ya kompyuta au simu, mfungue tovuti ya kuchorea njia, kwa mfano Komoot au Ride with GPS, mchague baiskeli kuwa chombo cha safari, kisha muweke mwanzo na mwisho. Tovuti itawapendekezea njia. Sasa ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Njia tuliyopendekezewa sisi ilitoka Umoja, ikaingia Outer Ring hadi raundabauti ya Donholm, ikashika Jogoo Road moja kwa moja, kisha ikakata kuelekea Eneo la Viwanda. Kwenye ramani ilipendeza, kwa kuwa ilinyooka kama rula. Outer Ring, barabara ya kilomita 13 hivi, ilipopanuliwa katika miaka ya 2010 iliwekewa njia za baiskeli kando, na jambo hilo ramani inalijua. Lisilojua ni kwamba jioni njia hizo hugeuka soko la viatu na nyanya, na bodaboda nazo huzitumia kukwepa msongamano. Wala ramani haijui jinsi matatu zinavyokimbilia abiria kwenye vituo vya Jogoo Road saa moja asubuhi.

Mama mtu alipouona mstari huo, alisimama nyuma yetu mikono kiunoni. "Hiyo siyo njia ya mtoto wangu," akasema. Ndipo akavuta kiti, akaanza kutuelekeza yeye mwenyewe. Msomaji, mama huyo amekaa Eastlands maisha yake yote na alisomea huku. Alituvusha Outer Ring pale Mutindwa, akatuingiza Buruburu kwa Mumias South Road, akatupitisha ndani ya Jericho penye miti, na kutufikisha Jogoo Road mahali pa kuivuka tu, si pa kuifuata. Ng'ambo akatuonyesha njia ya kuelekea Likoni Road na viwandani. Binti akawa anaburuta mstari kwa kidole kila mama anapotaja jina la mahali. Njia hiyo ilizidi ile ya kwanza kwa kilomita moja na nusu hivi. Lakini Jogoo Road ilibaki hatua chache za kuvuka, baiskeli ikisukumwa kwa mkono.

Hivyo ndivyo tulivyogundua ni nani hasa aliyekuwa mtaalamu wa njia katika nyumba yetu.

Ukimaliza kuchora, njia huhifadhiwa kama faili ya GPX. Usiogope jina. Ni orodha ya nukta, kila moja na digrii zake, ambazo kifaa huziunga kwa mstari. Faili hiyo huingizwa kwenye kifaa kwa waya, au kupitia programu ya simu. Asiye na kompyuta nyumbani anaweza kuifanya kazi hii kwenye saiba ya mtaani kwa muda mfupi.

Kufunga na kupanga

Chaji kifaa usiku kucha. Kifunge kwenye usukani mahali utakapokiona kwa kuinamisha jicho tu bila kuinamisha kichwa. Fundi wetu wa baiskeli alipomaliza kukikaza, alitoa kamba nyembamba akakifunga mara ya pili. "Mzee," akaniambia, "mashimo ya Nairobi hayabishi hodi." Fuata ushauri wake.

Halafu ingia kwenye mipangilio ubadilishe mambo manne. Kwanza, ramani izunguke pamoja nawe ili mbele yako iwe juu ya skrini daima. Kaskazini ikiwa juu, ukielekea kusini kushoto kwako kutaonekana kulia. Pili, ukubwa wa ramani uonyeshe mita mia moja au mia mbili za mbele. Katika mitaa yenye kona kila baada ya nyumba chache, ramani ya kilomita nzima ni utando wa buibui. Tatu, washa mlio wa kukuonya ukitoka njiani.

La nne ndilo kubwa kuliko yote. Zima ile huduma ya kifaa kukutafutia njia mpya chenyewe. Watengenezaji huiita msaada, na katika miji yao huenda ni msaada kweli. Lakini fikiria: umechora njia ya ndani kwa busara, kisha umezuiwa na lori linaloshusha simiti. Unazunguka nyuma ya nyumba mbili. Kifaa kinaona umepotea, kinakokotoa upya, na baada ya kona tatu umejikuta tena Jogoo Road. Huduma hiyo ikizimwa, kifaa kitakuonyesha tu mstari wako uko upande gani, nawe utaurudia kwa macho yako na kwa kuuliza.

Siku ya kwanza

Chagua Jumapili asubuhi, wakati malori yamelala na watu wako kanisani. Mara ya kwanza, simama nje palipo wazi usubiri dakika chache hadi kifaa kizipate setilaiti. Usikiwashe chini ya paa la mabati kisha uondoke mbio. Mwenda pole hajikwai.

Pitieni njia hiyo pamoja, mzazi na mtoto, hata kama mzazi atakwenda kwa miguu vipande vipande. Kusudi si kujifunza kifaa peke yake. Kusudi ni kulinganisha kinachosemwa na skrini na kilichopo mbele ya macho. Sisi tulikwenda na daftari, na katika Buruburu tulilihitaji mapema. Ramani ilituonyesha kijia kinachopita kati ya korti mbili. Tulipofika tulikuta lango, na bawabu ameketi kando na redio yake.

"Shikamoo, mzee," binti akamwamkia. "Hapa panapitika?"

"Marahaba, mwanangu. Kupita ni mpaka saa nne ya usiku. Lakini lile lango la kule nyuma halifunguliwi kabisa, wala msijisumbue."

Tuliandika. Malango ya Eastlands yaliwekwa na wakazi wenyewe kwa ajili ya usalama, na kila moja lina sheria yake. Hakuna setilaiti inayoweza kuliona lango limefungwa au liko wazi. Bawabu anajua.

Tuliandika na mengine: mahali ambapo soko humwagika hadi katikati ya njia, kona yenye mbwa, daraja la miguu lenye ngazi zisizofaa baiskeli, na kipande kilicho chini sana ambacho hujaa maji. Hilo la maji lisidharauliwe. Katika mvua za masika za mwaka 2024, mito ya Nairobi ilifurika ikabomoa nyumba na kuua watu katika mitaa kama Mathare. Kijia cha kando ya mto ambacho Februari ni kizuri, Aprili huenda hakipo. Kwa hiyo chora njia mbili, ya kiangazi na ya mvua, uzipe majina tofauti kwenye kifaa.

Usalama wa mwenye kidude

Kuna mambo ya kumwambia mwanao bila kumficha. Usitazame skrini kwenye makutano. Simama kando kwanza. Kifaa kikikuambia kata kulia na macho yakakuambia kuna basi, yaamini macho. Ukifika, kitoe kwenye usukani ukitie mfukoni, hata kama unaingia dukani kununua maziwa tu.

Aidha, vifaa hivi huandika kila mahali ulipopita, na vijana hupenda kutangaza safari zao kwenye mitandao kama Strava. Mwaka 2018 iligunduliwa kwamba ramani ya safari za watumiaji wa mtandao huo ilikuwa imefichua kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia mazoezi na saa zao za GPS mikononi. Ikiwa kambi ya jeshi ilifichuka hivyo, sembuse nyumba yako? Mwizi akijua safari zote huanzia lango lile lile, atajua baiskeli hulala wapi. Ingia kwenye mipangilio ufiche eneo la nyumbani, au anza kuandika safari ukiwa umeshafika barabara kubwa.

Rudisha ulichopata

Mwisho, msomaji, usiyaache hayo uliyoandika kwenye daftari yazeeke humo. Kwa kuwa ramani ya OpenStreetMap ni ya wote, unaweza kujiandikisha bure ukaingiza lango, daraja, au kijia kilichozibwa. Mwanafunzi yeyote mwenye subira ataijifunza kazi hiyo kwa siku moja au mbili. Hata kama vifaa havipokei mabadiliko siku hiyo hiyo, ramani zikisasishwa yatawafikia wengine. Binti yangu ameshaingiza malango kadhaa ya njia yake, na ile sehemu yenye ngazi. Siku moja mtoto wa mtu mwingine, asiyetujua, atapelekwa njia ya ndani badala ya Jogoo Road kwa sababu mtu alisimama pale akauliza.

Mama mtu alikubali hatimaye, kwa sharti moja: giza likiingia, baiskeli ibaki chuoni na mtoto apande matatu. Hakuna aliyebishana naye, maana yeye ndiye aliyeichora njia.

Basi kabla hujatoa shilingi moja, chukua karatasi na kalamu leo hii. Andika malango yaliyo kati ya nyumba yako na mahali unapokwenda, na saa yanapofungwa. Andika penye mafuriko, penye soko, na pa kuvukia barabara kubwa. Yale usiyoyajua, mwulize bawabu, mwulize mama mboga, mwulize fundi wa baiskeli. Karatasi hiyo ikijaa, utakuwa na cha kuifundisha kompyuta, iwe ya shilingi elfu tano au elfu hamsini.